Batwing wa Kongo: nafasi ambayo DC waliiacha ipite

Mleta mada ameuliza: DC, kampuni ya Marekani ya majarida ya katuni ya akina Batman na Superman, walipofuta historia ya mashujaa wao na kuanza upya mwaka 2011, ni nafasi gani kubwa waliyoipoteza? Wengi mmetaja ndoa ya Superman na Lois kufutwa, na Wally West, mmoja wa waliobeba jina la Flash, kutoweka. Yote yaliniuma, lakini donda langu mimi ni Batwing.

Kwa ambao hawakuwepo: Flashpoint, hadithi waliyoitumia kufuta historia hiyo, ilipoisha mwishoni mwa Agosti 2011, DC walianza kutoa majarida 52, yote kuanzia namba 1. Tukaambiwa mashujaa wamejitokeza miaka mitano tu iliyopita. Wakati huo nilikuwa chuo, Dar, na DC nilikuwa nimewaacha kwa sababu kila hadithi ilitaka ujue mambo ya miongo kadhaa nyuma. Safari hii nikaona mlango umefunguliwa. Kwenye orodha nikamkuta Batwing, yaani David Zavimbe, polisi wa mji wa Tinasha, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambaye utotoni alifanywa askari pamoja na ndugu yake Isaac. Batman alikuwa amemchagua awe mtu wake Afrika.

Mimi nimekulia Kigoma. Shule ya msingi nilisoma na watoto waliovuka Ziwa Tanganyika na wazazi wao wakikimbia vita. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa na kaka aliyechukuliwa na waasi, na alikuwa akimtaja kama mtu atakayerudi kesho. Kwa hiyo Tinasha, japo ni mji wa kubuni, mimi nilijua harufu ya ile hofu. Nililisoma toleo la kwanza mara tatu usiku mmoja.

Sasa tazameni walivyoitumia nafasi ile. Jarida lilituletea The Kingdom, kundi la kwanza la mashujaa wa Afrika. Nilifurahi sana, mpaka nikagundua kwamba kundi limeshavunjika, na tunatambulishwa kwa wanachama wake huku muuaji aitwaye Massacre akiwamaliza mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo ninapowalaumu. Ukurasa ulikuwa mweupe! Wangeweza kutuonyesha kundi hilo likizaliwa, likigombana, likijifunza kazi, kama Justice League, kundi la mashujaa wakubwa wa DC, walivyopewa toleo zima la kwanza ili Batman na Green Lantern wakutane tu. Bara zima likapewa mashujaa waliokwisha kustaafu, kisha likapewa maiti zao.

Na msiniambie nafasi ilikuwa finyu. Ndani ya miaka ileile mitano waliwabana Robin wanne, wasaidizi wa Batman waliopokezana jina hilo, mmoja wao Damian, mtoto wa miaka kumi wa Batman mwenyewe. Hesabu haikukubali, wakaipitisha kwa sababu hawakutaka kupoteza mauzo ya Batman. Green Lantern naye alivuka na historia yake karibu yote. Waliofutiwa historia ni wale ambao hawakuwa na nguvu sokoni, na wapya hawakupewa muda wa kuota mizizi: Mister Terrific na Static Shock, majarida ya mashujaa weusi, yalifungwa yote mawili baada ya matoleo 8.

Batwing alidumu zaidi, lakini mwaka 2013, kwenye toleo namba 19, David akalivua vazi. Likachukuliwa na Luke Fox, mtoto wa Lucius Fox, mshirika wa Batman, na hadithi ikahamia Gotham, mji wa Batman. Luke sina ugomvi naye, ni kijana mzuri. Ila Gotham tayari ilikuwa imejaa watu wa Batman, na Tinasha ilikuwa na mmoja tu. Jarida likafungwa 2014 kwenye namba 34.

Bado nasubiri mwandishi atakayerudi kwa David akiwa polisi tu, bila vazi, kwenye mji ule. Mkuu uliyeuliza pa kuanzia, soma namba 1 hadi 6, utulie kwenye michoro ya Ben Oliver. Nyuso zile niliziona Kigoma, bandarini, kila siku.