Ruzuku kwa vikundi vya mwambao: maswali yenu wiki hii

Shikamoo. Sisi ni akina mama tunaoanika dagaa Igombe. Tuna cheti cha kikundi cha halmashauri tu, hatuna usajili wa NGO. Tunaweza kuomba ruzuku?

Marahaba, mama. Cheti hicho kinawafungulia mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Lakini huo ni mkopo, una marejesho. Wafadhili wengi wa ruzuku hudai asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002. Mkiwa bado, ombeni kupitia asasi iliyosajiliwa mnayoiamini, kwa mkataba wa maandishi unaosema fedha zitaingia akaunti ipi na nani wanatia saini.

Tuko Nansio, Ukerewe, tuna kikundi cha watu wenye ualbino. Tumeona tangazo la Marekani la ruzuku za usawa wa rangi na uongozi wa jamii. Ngozi ndiyo iliyotuletea mateso. Tuombe?

Anzeni na kipengele cha nani anaruhusiwa kuomba. Fedha nyingi za aina hiyo ni za asasi zilizosajiliwa Marekani, maana zinalenga madhara ya utumwa na ubaguzi wa huko. Chache hufunguliwa kwa wote: mwaka 2020 W.K. Kellogg Foundation, wakfu (taasisi ya hisani) wa Marekani, ilitangaza shindano la ruzuku la dola milioni 90, na asasi za nchi nyingine ziliruhusiwa. Wakfu wa Marekani ukitaka kuwapa fedha ninyi mlio nje, sheria yao ya kodi inautaka ujiridhishe kwamba mnalingana na asasi ya hisani ya kwao, au ufuatilie matumizi kwa karibu. Kwa hiyo wekeni tayari katiba, hesabu za fedha na mihtasari ya vikao.

Jueni pia kwamba hali ya ruzuku zinazotengwa kwa rangi imebadilika huko Marekani. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa Marekani iliuzuia mfuko wa Fearless Fund wa Atlanta kuendelea na ruzuku iliyotengwa kwa wafanyabiashara wanawake weusi pekee.

Nawaomba sana, msiazime historia ya watu wengine ili mfanane na tangazo. Mauaji na ukataji wa viungo uliofanyika Kanda ya Ziwa, saratani ya ngozi, mtoto asiyeona maandishi ubaoni: andikeni hayo, kwa maneno yenu. Na kabla ya kuvuka bahari, bisheni hodi Foundation for Civil Society, Dar es Salaam, inayotoa ruzuku kwa asasi za nchini.

Kuna kaka hapa Kirumba anataka laki mbili "za fomu" atuunganishe na mfadhili. Tumpe?

Msimpe. Mfadhili wa kweli hauzi fomu.

Asasi yetu inahudumia wavuvi wa kisiwa cha Kome. Mfadhili anauliza wajumbe wangapi wa bodi ni wavuvi. Wote ni wastaafu wa mjini Mwanza. Tuongeze majina mawili matatu?

Majina ya kupamba karatasi, hapana. Huko ni kumdanganya mfadhili na kuwadharau wavuvi kwa pamoja. Itisheni mkutano mkuu, wavuvi na akina mama wachakataji wachague wenyewe wanaowataka, kisha mabadiliko ya bodi yapelekwe kwa Msajili wa NGO. Angalau mmoja wao awe mtia saini wa benki, maana asiyegusa hundi hana uongozi. Vikao vingine vifanyike Kome. Kwenye bajeti wekeni nauli ya boti na posho, kwa kuwa mvuvi akikaa kikaoni siku hiyo hajaingia ziwani. Andiko likiwa la Kiingereza, lisomwe kwao kwa Kiswahili kabla halijatumwa, na wakikataa jambo, libadilishwe. Wastaafu wenu wana uzoefu wa hesabu na taratibu, wabaki washauri.

Mfadhili mjibuni idadi ilivyo leo, hata kama ni sifuri, na mumtajie tarehe ya mkutano mkuu.