Re: Semina ya onazi, nakaa kimya mpaka kipindi kinaisha

Mambo mdogo wangu, pole na baridi ya huko. Kwa hiyo kwenye hiyo semina ya onazi (honors, programu ya chuo ya wanafunzi wenye maksi za juu) insha unapata A ila maksi za kuchangia darasani unakula za uso, maana hao Wamarekani wanadakia kabla hujamaliza kupanga sentensi kichwani. Yalinikuta hayo hayo, tulikuwa 15 meza moja na mimi nimetoka shule ya kunyoosha mkono na kusimama ndo uongee, nikawa nasubiri niitwe, wiki 4 hakuna aliyeniita.

Kwanza cheki silabasi kuchangia kuna asilimia ngapi, yangu ilikuwa 20 na sikuwa nimeisoma hata! Halafu nenda kwa prof saa zake za ofisi, kwetu ukiitwa ofisini ujue kuna balaa lakini huko ni kupiga stori tu za mlichosoma. Mimi nilimwambia ukweli, akanipa niwe nafungua kipindi na swali, naliandika kwenye kikaratasi usiku wake. Swali, sio hoja, swali halikutaki ujue kila kitu.

Kuhusu kuidropu hiyo semina, yaani kuiacha katikati, ongea na mshauri wako kwanza, ukishuka chini ya krediti 12 (alama za uzito wa masomo) kwa muhula, viza yako ya mwanafunzi, F-1, inaingia matatani, na skolashipu yako soma masharti maana zingine zimefungwa na hiyo hiyo onazi.