Kuhakiki namba tasa kubwa: anza na 2147483647

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, ukatoa 1. Waandishi wa programu wanaifahamu: ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32 zinazobeba chanya na hasi. Ni namba tasa, na mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha hivyo mwaka 1772 kwa mkono.

Ukiipima kwa kuigawanya kwa namba tasa ndogo, usivuke kipeuo chake cha pili, 46340. Chini ya hapo kuna namba tasa 4792, lakini Euler hakuhitaji zote. Kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti hayo, zinabaki 84 tu. Tafuta sharti la namna hii kabla hujawasha kompyuta. Linaokoa kazi kuliko mashine yenye kasi.

Kosa linalowanasa wengi liko kwenye mzunguko wa programu. Tuite namba inayopimwa n, na kigawo kinachojaribiwa i. Ukiandika “endelea maadamu i × i haizidi n” kwa biti 32, i ikifika 46341 jibu ni 2147488281, halienei, na katika lugha nyingi linageuka hasi. Sharti halikatiki tena. Mzunguko unakwenda hadi i inalingana na n yenyewe, inagawanyika, na programu inatangaza kwamba namba si tasa! Andika “maadamu i haizidi n ÷ i”.

Kipimo cha Fermat ni chepesi: chagua namba a (inaitwa msingi), ipandishe kwa kipeo cha n − 1, gawanya kwa n, tazama baki. Lisipokuwa 1 (na a haigawanyiki kwa n), namba si tasa. Likiwa 1, bado hujathibitisha kitu: 341, yaani 11 × 31, inapita kwa a = 2. Na kwa namba za umbo la 2 kwa kipeo tasa toa 1, msingi wa 2 haufai kabisa, kwa kuwa zote zinapita, hata 2047, ambayo ni 23 × 89.

Tumia kipimo kikali zaidi, cha Miller-Rabin. Gawanya n − 1 kwa 2 hadi isigawanyike tena. Hapa inagawanyika mara moja tu, inabaki 1073741823. Pandisha a kwa kipeo hicho, gawanya kwa n: baki liwe 1 au n − 1, la sivyo namba si tasa. (Ikigawanyika zaidi ya mara moja, unaendelea kuzidisha baki kwa lenyewe ukitafuta n − 1.) Kwa namba iliyo chini ya 3215031751, misingi ya 2, 3, 5 na 7 ni uthibitisho kamili. Zidisha kwa biti 64.

Kwa umbo la 2 kwa kipeo tasa toa 1 kuna njia fupi zaidi, ya Lucas na Lehmer. Anza na 4. Kila hatua zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima na uchukue baki. Kipeo kikiwa p, fanya hatua p − 2; ukipata 0 mwishoni, namba ni tasa. Jizoeze na 127, ambayo kipeo chake ni 7: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kwa 2147483647 hatua ni 29.