Plagi Kuingia Hakutoshi, Vijana: Pimeni Uzi

Wadogo zangu, bado naona mnashika plagi ya cheche iliyotoka kwenye trekta la bustani, mnatafuta nyingine inayokubali spana ileile, mnaizungusha, inaingia, mnawasha. Ikinguruma, kazi imekwisha. Haijaisha! Injini nyingi za matrekta haya ya zamani zina tundu la plagi la milimita 14, hatua 1.25 (milimita kati ya mfereji mmoja wa uzi na mwingine). Plagi za aina chungu nzima zitaingia humo, na nyingine zitaua hedi, yaani kichwa cha injini.

1. Urefu wa uzi, ile mifereji ya kuzungushia plagi. Hapa tukae, maana hili ndilo kosa lililowaliza mafundi wengi kabla yenu.

Pima kuanzia pale washa (ile pete ya chuma ya plagi) inapokalia hadi mwisho wa uzi. Kwa plagi za kampuni ya Champion, herufi J ni milimita 9.5, H ni 11.1, N ni 19. Zote tatu zinafunguliwa kwa spana moja, ya inchi 13/16. Injini ya Kohler K181 inataka familia ya J8, K301 inataka H10, na ukizishika mkononi zinakaribia kufanana kabisa. Tofauti yake ni milimita 1.6, ndiyo maana jicho peke yake halifai. Chukueni kalipa, kile kipimo chenye taya.

Sasa mtu anafunga ya 19 kwenye tundu la 9.5. Kwenye injini ya valvu za pembeni, plagi mara nyingi inaelekea juu ya valvu, kwa hiyo valvu ikipanda inaigonga. Huyo ana afadhali, kwa sababu atasikia mlio siku hiyohiyo. Anayeumia zaidi ni yule ambaye ncha imepishana na valvu kidogo tu. Injini inawaka na kukata majani vizuri, na huku ndani uzi ulio uchi unapikwa kwenye moto, masizi yanajaa mifereji na kuwa magumu kama jiwe. Siku ya kubadilisha plagi, robo mzunguko wa kwanza ni laini, halafu inakaza. Fundi anaongeza mkono. Plagi inatoka ikiwa na nyuzinyuzi za alumini zinazong'aa mferejini, na ule ni uzi wa hedi.

Ikikaza hivyo, simama, irudishe ndani. Hedi ya injini hizi inashikwa na boliti chache tu: ifungue, igeuze, safisha ule uzi uliochomoza kwa brashi ya shaba ukiwa upande wa ndani, tia mafuta ya kulegeza kutu, ndipo utoe plagi. Gasketi mpya ya hedi ni nafuu kuliko kuchonga tundu na kutia helikoili, yaani uzi bandia wa waya.

Fupi kwenye tundu refu nayo ina balaa lake. Cheche inarukia ndani ya shimo, injini inamisi, masizi yanajaa uzi mtupu wa hedi, na ukileta plagi sahihi inagoma katikati. Usiilazimishe, safisha uzi kwanza kwa tapu (chombo cha kukatia uzi) ya 14 × 1.25 iliyopakwa grisi ili inase uchafu.

Na msiamini plagi iliyotoka, huenda mwenye trekta wa kwanza alikosea. Jina la trekta pia halisaidii. Someni namba ya modeli iliyogongwa kwenye injini.

2. Kiwango cha joto. Champion namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kwa kampuni ya NGK, namba ikipanda ni ya baridi zaidi. J8C ya Champion inakaribiana na B6S ya NGK, wakati J19LM ya injini za Briggs za valvu za pembeni inakaribiana na B2LM. Ukilinganisha kwa namba tu umepotea. Plagi ya moto haitoi cheche kali zaidi, inabakiza joto kwenye ncha. Ncha ikiwa chini ya nyuzijoto 450 hivi za Selsiasi haichomi masizi yake. Ikipita 850 hivi inawasha mchanganyiko kabla ya cheche.

3. Nafasi ya cheche: Briggs hizo ni milimita 0.76. Pinda elektrodi ya pembeni tu, usiguse ya katikati. Ukiipanua sana, magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) iliyochoka itashindwa kuirusha wakati wa kuvuta kamba au kugeuza stata.

4. Kufunga. Injini iwe baridi. Puliza uondoe mchanga ulioizunguka plagi kabla ya kufungua, anza kwa vidole, kisha nusu mzunguko kwa plagi mpya yenye washa, au Nm 20. Plagi chafu msiisafishe kwa kuipiga mchanga, chembe hubaki kwenye shingo ya kauri na kuangukia silinda. Badilisheni.

Plagi sahihi ikirudi nyeusi na kavu, kagueni choki na kabureta. Ikirudi imelowa oili, acheni kuuza plagi nyingine kwa mwenye trekta. Pimeni ringi za pistoni na miongozo ya valvu.