Uliza Fundi wa Kamera: Orioni imetoka uji

Wasomaji wangu, mambo ya harusi na picha za pasipoti yamelala kwanza mwezi huu. Toleo lililopita tuliweka ile picha yangu ya nebula ya Orioni (nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani) niliyopiga Magadi, basi maswali yakamiminika mpaka mhariri akaniuliza kama nimeanzisha dini. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu juu wengi wenu mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Fundi, habari ya kazi. Niko na Canon ya mtumba, lenzi ya 18-55 na ile ndogo ya 50mm f/1.8, na tripodi. Januari nilipanda kwa paa nikapiga nebula ya Orioni, sekunde 30, nikapata kitu kama uji wa wimbi na nyota zote zimekuwa vimistari kama mchele. Maboyz wananiambia ninunue darubini. Ninunue gani? – Kijana wa Rongai

Kijana wangu, usinunue. Najua hutaki kusikia hivyo lakini nisikize. Hizo darubini za boksi zinazoandikwa ati zinakuza mara 500, mimi nilinunua moja kwa duka fulani tao, miguu yake ilikuwa inatetemeka hata matatu ikipita huko chini barabarani, nikaishia kuuona mwezi ukirukaruka kama samaki kwa ndoo. Watu hudhani nebula ni kitu kidogo kinachotaka kukuzwa. Hiyo ya Orioni ina upana kama wa miezi mipevu miwili ikikaa bega kwa bega, na galaksi ya Andromeda inafika kama sita! Ukubwa upo, mwanga ndio haba, so kazi yako yote ni kuuokota huo mwanga kidogokidogo hadi kibaba kijae, na lenzi yako ya 50mm inatosha kabisa kuanza.

Vile vimistari vinatoka wapi? Dunia inazunguka, anga lote linasogea nyuzi 15 kila saa, na Orioni iko karibu kabisa na ikweta ya anga, mahali nyota hukimbia kuliko kwingine kote. Kuna hesabu ya kizamani ya wapiga picha: chukua 500 ugawanye kwa urefu wa lenzi. Kwa 50mm unapata sekunde 10, lakini sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kwa nyingi kama hiyo yako ni ndogo kwa hivyo unagawanya tena kwa 1.6, unabaki na sekunde 6, na mimi hata hizo 6 siziamini, huwa naenda 3 ama 4. Wewe ulienda 30. Hapo hata mimi ningetoa mchele.

Sasa utaniambia sekunde 4 si hazitoi kitu. Ni kweli, picha moja ukiiangalia utaona giza na nyota mbili tatu na utataka kulia. Kwa hivyo piga 300. Hizo ni dakika 20 za mwanga. Kisha unazirundika kwa kompyuta, DeepSkyStacker ama Siril, zote ni za bure, programu inazilaza moja juu ya nyingine nyota kwa nyota. Nebula iko palepale kwa kila picha lakini chenga, zile punjepunje zinazochafua picha ya gizani, zinarukaruka, leo hapa kesho pale, so ukirundika chenga zinamezana na nebula inabaki. Ukirundika picha 4 chenga zinapungua nusu, ukirundika 100 zinabaki sehemu moja ya kumi. Ndio maana baada ya 100 za kwanza utaona ajabu, halafu baadaye utaongeza nyingine 100 na usione tofauti kubwa, usikasirike, hesabu ndio iko hivyo. Na uwe na nafasi kwa diski, picha 300 za RAW (faili ghafi la kamera) ni kama GB 7 ama 8 na laptopu ya zamani itapiga kelele usiku kucha.

Mipangilio: RAW, ISO 1600, tundu la lenzi kwa f/2.8 (kwa 1.8 nyota za pembeni zinaota mabawa), na kirimoti cha waya ili usiguse kamera. Fokasi ndio mtihani wenyewe. Zima otofokasi, elekeza kamera kwa Sirius, ile nyota inayong'aa kushinda zote karibu na Orioni, kuza kwa skrini mara 10, zungusha pete polepole mpaka nyota iwe kitone kidogo kabisa, ukiipita rudi, ipite tena, rudi. Ukishaipata bandika selotepu kwa pete. Mimi usiku wangu wa kwanza niliona selotepu ni ushamba, nikapiga picha 240, kumbe nilipokuwa nageuza kamera kidole kiligusa pete, nikafika nyumbani na chapati ndogondogo 240. Sasa selotepu inakaa kwa mfuko wa jaketi, hata kanisani naenda nayo.

Ukimaliza, funika lenzi na kifuniko chake upige nyingine 20 za giza tupu, sekunde zilezile, ISO ileile, hapohapo kwa baridi. Programu inazitumia kuondoa vile vitone vyekundu vya sensa. Asubuhi, kabla hujasongeza ile fokasi, vuta tishati nyeupe juu ya lenzi, elekeza angani upige 20 zaidi, hizo zinafuta vumbi na ule weusi wa pembeni.

Uji wa wimbi nao ni mataa. Ile mulika mwizi ya mtaa wenu inaangaza anga kuliko inavyomwangaza mwizi, na ndani ya Siril kuna sehemu ya kutoa rangi ya anga ya nyuma, itumie, itasaidia lakini haitafanya miujiza. Na mwambie keretaka na soja mapema. Mtu amesimama kwa paa saa sita usiku na kitu kina miguu mitatu, si kila mtu atafikiria ni nyota.

Hujambo Fundi. Nilipostaafu nilijinunulia ile mashine ya kubeba kamera ikifuata nyota. Kijitabu kinasema niielekeze kwa nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta wiki mbili kwa balkoni. Mzee wangu anasema labda imenyakuliwa kama ploti. – Mwalimu mstaafu, South B

Mwalimu, sijambo, na mwambie mzee haijanyakuliwa, iko nyuma ya upeo. Nairobi iko kama nyuzi 1.3 kusini ya ikweta, na Polaris, ndiyo hiyo nyota ya Kaskazini, huonekana juu ya upeo karibu sawasawa na latitudo yako, sasa yetu iko chini ya sifuri. Hata upande hadi paa la KICC hutaiona. Ncha ya kusini ya anga, pale nyota za kusini zinapozungukia, ndiyo iko juu ya upeo, lakini kwa hizo nyuzi 1.3 tu, yaani imejificha nyuma ya nyumba na vumbi na moshi, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu sana. Hivi vijitabu vinaandikiwa watu wa Ulaya na Marekani.

Fanya hivi. Weka tripodi sawa kwa pimamaji, mashine iangalie kusini, na uinamo wake uweke nyuzi 1.3, apu ya simu ya kupima mteremko inatosha, laza simu juu ya mwili wa mashine. Dira ya kusini usiitumie ukiwa umeshika reli ya balkoni ama karibu na nguzo yenye nondo, chuma kinaidanganya. Kisha tafuta ile swichi ya N na S uiweke S! Ukiacha N mashine itazunguka kinyume na nyota zitakimbia mara mbili ya zile za kijana wa Rongai.

Hapo umekaribia, sasa malizia kwa kuangalia nyota ikiteleza. Chagua nyota iliyo juu utosini au karibu, iweke katikati ya skrini ukiwa umekuza, ngoja dakika tano. Ikipanda ama kushuka kuelekea kaskazini au kusini, geuza mashine kidogo kushoto ama kulia, kidogo tu, uangalie tena. Ikizidi kuteleza umegeuza upande mbaya, rudisha. Ikitulia, nenda kwa nyota iliyo mashariki chini kidogo, rudia vilevile, safari hii ukiinua ama kushusha. Mara ya kwanza itakula saa nzima na utanitukana. Mara ya tano ni dakika 15. Kama una laptopu, kuna programu ya N.I.N.A. ambayo inapima nafasi ya ncha kwa kupiga picha tatu popote angani bila kuiona hiyo ncha yenyewe, mimi siku hizi natumia hiyo na sioni aibu.

Na kitu kingine ambacho hakuna mtu atakwambia: kwetu hapa mhimili wa mashine umelala karibu kabisa, so kama mashine yako ina ile fimbo ya uzito, ikishuka inagonga mguu wa tripodi. Zungusha tripodi fimbo ipite katikati ya miguu miwili.

Lakini Mwalimu usione kama tumeonewa. Mtu wa London hawezi kuliona Wingu Kubwa la Magellan, ile galaksi jirani yetu, maisha yake yote akiwa kwao, na mtu wa kusini kabisa ya New Zealand Andromeda kwake inagusa tu upeo. Wewe Desemba hapo South B, Andromeda inapanda nyuzi 47 upande wa kaskazini na hilo Wingu nyuzi 21 upande wa kusini, usiku uleule, balkoni zikiruhusu.

Swali fupi tu. Zile rangi nyekundu na bluu si mnapaka? Mimi nimeiangalia hiyo Orioni kwa darubini ya rafiki, ni kijivu. – Msomaji, Umoja

Hatupaki, ingawa tunakoleza, hapo nakubali. Jicho likiwa gizani halioni rangi vizuri, na tena haliwezi kukusanya mwanga kwa dakika 20, kila mara linaanza upya. Kamera inaweka akiba. Ule wekundu ni haidrojeni, inatoa mwanga wa nanomita 656, na cha kuchekesha ni kwamba kamera za kawaida zina filta mbele ya sensa inayoukata sehemu kubwa ili sura za watu zisitoke nyekundu. Ndio maana wengine huipeleka kamera kwa fundi akaitoa hiyo filta, na baadaye ukipiga harusi nayo bibi harusi anatoka kama nyanya. Bluu ya Kilimia nayo ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, kama moshi wa jikoni ukipigwa na jua la dirishani.

Mtu wa kwanza kuipiga picha nebula ya Orioni ni Mmarekani Henry Draper, Septemba 1880, dakika 51 kwa bamba la kioo, na ilikuwa nyeusi na nyeupe. Uvumilivu wake ndio tunaukopa.

Fundi, wapi karibu na Nairobi kuna giza na usalama, na twende mwezi gani? Tuko watu wanne na Probox. – Kikundi cha Kasarani

Probox itafika. Shikeni barabara ya Magadi, mpite Kiserian, mkishateremka pale Kona Baridi taa za Nairobi zinabaki nyuma ya milima ya Ngong. Olorgesailie ni kama kilomita 70 hivi kutoka tao, kuna kambi ya Makumbusho ya Taifa, mnalipa, mnalala ndani ya ua na kuna mtu wa kuwaangalia. Msisimame tu kando ya barabara na kuanza kufungua mabegi. Beba maji, huko ni kukavu, na usiku fisi mtawasikia, wao wana shughuli zao. Tochi iwe nyekundu, na anayewasha taa ya gari wengine wakipiga picha anunue chai ya wote.

Pale ndipo mashoka ya mawe ya watu wa kale yametapakaa chini, mengine ya karibu miaka milioni moja. Mimi huwa nafikiria hili nikingoja kamera: mwanga wa Andromeda unaoingia kwa lenzi yangu ulitoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita, so yule jamaa akichonga shoka lake ulikuwa tayari safarini.

Mwezi gani? Januari na Februari kwa Orioni na Kilimia, mawingu ni machache, mradi usiku usiwe na mwezi. Machi hadi Mei ni masika, na si mnajua msemo, Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: mwisho wa Aprili kinapotea na jua la jioni, na Juni kinarudi alfajiri mvua imekwisha. Kuanzia Juni hadi Septemba ile sehemu nono ya Njia Nyeupe inapita karibu na utosini, lakini Julai Nairobi ni blanketi ya mawingu na baridi, na hapo ndipo kuteremka Magadi kunalipa, mara nyingi huku juu kumefunikwa na bondeni ni nyota tupu. Mara nyingi, sijasema kila mara. Juzi nilirudi na picha ya wingu.

Na filta za kukata taa za mjini, mmoja wenu aliuliza: kwa nebula nyekundu zinasaidia hata ukiwa Kasarani, kwa galaksi usipoteze pesa. Mwanga wa galaksi ni wa nyota za kila rangi, ukikata taa umeikata nayo.

Na simu je? – Msomaji, Kayole

Inaweza. Iegemeze kwa kopo la rangi, weka ile modi ya usiku ama ya kupanga mwenyewe, sekunde 8 hadi 10 kwa kamera ya kawaida (hiyo ya kuvuta karibu achana nayo), taima ya sekunde 3 ili isitikisike, na elekeza Orioni. Katikati ya upanga wake, ule mstari mfupi wa nyota chini ya zile nyota tatu za mkanda, kutakuwa na nyota moja imekataa kuwa kitone, ina ukungu kidogo wa waridi. Ndiyo hiyo.