Kabla ya Kufunga Safari ya Mpira na Rafiki Yako

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Kondoa. Yeye na rafiki yake wa tangu shule ya msingi wanataka kufuata mechi za Ligi Kuu kuanzia Singida hadi Mwanza kwa gari la mmoja wao, naye akaniuliza swali moja tu: waandae shilingi ngapi? Nilimjibu kwamba nitaandika makala nzima badala ya kumpa tarakimu tupu. Ahadi hiyo imekaa siku sita, kwa sababu kila nilipoanza kuandika hesabu za mafuta nilijikuta ninaandika habari za mtu.

Nianze na safari yenyewe. Sisi wapenzi wa mpira wa Dodoma tuliishi miaka kadhaa bila timu yetu katika Ligi Kuu, hadi Dodoma Jiji ilipopanda mwaka 2020, na tangu hapo mimi na rafiki yangu tulikuwa tukikaa pamoja Uwanja wa Jamhuri karibu kila mechi ya nyumbani. Yeye ni mtumishi katika ofisi moja iliyohamia Mji wa Serikali kule Mtumba, nami nina duka dogo la vifaa vya umeme maeneo ya Majengo. Siku moja, baada ya mechi, tulikubaliana kwamba haitoshi kuwangojea Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji wetu, nyumbani. Tuwafuate ugenini, kisha tuunganishe na mechi nyingine zitakazokuwa njiani hata kama si zao. Ratiba ilitupa nafasi nzuri sana: Jumamosi Uwanja wa Liti, Singida, Jumanne Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, Ijumaa CCM Kirumba, Mwanza. Viwanja vitatu ndani ya siku saba, kwa gari langu aina ya Toyota IST, tukipokezana usukani.

Tulizungumza kila kitu isipokuwa fedha. Tulichagua jezi, tukapanga saa ya kuondoka, tukabishana kama tupite Manyoni na Itigi kwenda Tabora au tuzunguke kwa Igunga na Nzega, lakini nilipotaka kutaja mafuta alisema, "Kaka, hayo tutaelewana huko huko mbele ya safari," nami nikanyamaza. Leo nakiri kwamba sikunyamaza kwa sababu ya kumwamini. Nilinyamaza kwa sababu mwezi ule duka lilikuwa limelala, mfukoni nilikuwa na fedha pungufu ya zile nilizomwachia aamini kwamba ninazo, na niliona haya kusema.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilomita zipatazo 240 za lami, na kipande cha kwanza, kupitia Bahi yenye majaruba ya mpunga hadi Kintinku, ni tambarare inayomshawishi dereva akanyage mafuta. Baada ya Kintinku barabara inapanda milima ya Saranda, malori yanatambaa, nawe huna budi kuyafuata kwa subira hadi Manyoni. Ukishapita Manyoni vijiji vinafuatana, na karibu kila kijiji kina kibao cha mwendo usiozidi 50. Katika kijiji kimoja kabla ya Ikungi, rafiki yangu akiwa kwenye usukani, askari wa usalama barabarani alitusimamisha na kutuonyesha tarakimu kwenye tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo: 71. Kosa lilikuwa letu na hatukubisha. Faini ni Sh30,000 kwa kosa moja, na karatasi yenye namba ya malipo ilitoka mashineni, nyembamba, ndefu kama kiganja cha mkono, ingali na joto. Rafiki yangu aliisoma, akaikunja mara moja, akaiweka juu ya dashibodi mbele yangu na kusema, "Hii nayo tutaiweka kwenye hesabu."

Hesabu ipi? Hatukuwa na hesabu yoyote. Faini ya namna hiyo inaandikwa kwenye namba ya gari, kwa hiyo deni ni la mwenye gari hata kama aliyekanyaga mafuta ni mwingine, na mwenye gari nilikuwa mimi. Nilitaka kumwambia hivyo palepale, lakini tulikuwa tunakwenda kwenye mpira, jezi zimevaliwa, redio inaimba, nikaona nisiharibu siku. Karatasi ile ilikaa pale kwenye jua hadi Tabora, na maandishi yake, kama ilivyo kwa karatasi hizo za mashine, yalianza kufifia kabla hatujafika Nzega. Kila nilipotazama barabara niliiona.

Uwanja wa Liti, ambao wengi wetu bado ulimi unatuteleza na kuuita Namfua, ulitupokea vizuri. Walima Zabibu hawakushinda siku ile, lakini kundi dogo la watu kutoka Dodoma lilishangilia hadi dakika ya mwisho, na ni lazima niseme kwamba mtu ambaye hajawahi kuishangilia timu yake katika uwanja wa wenyeji, akiwa mmoja kati ya watu arobaini dhidi ya maelfu, hajaujua mpira kikamilifu. Usiku tulikula kuku wa kienyeji, maana kufika Singida na kuondoka bila kumwonja kuku wake ni kama hukufika. Rafiki yangu aliagiza kuku mzima, mimi nikalipa, yeye akasema Tabora ni zamu yake.

Safari ya kutoka Singida kwenda Igunga ndiyo ninayoikumbuka kwa uzuri wake. Unafika Sekenke, na mbele yako bonde la Wembere linafunguka chini hadi macho yanapoishia. Mteremko ule hautaki mzaha. Niliweka gia ndogo nikaiacha injini ilishikilie gari, kwa sababu anayeshuka pale kwa kukanyaga breki tu atazinusa zinavyoungua kabla hajafika chini. Tuliteremka nyuma ya lori lililobeba magunia ya vitunguu, taratibu, madirisha wazi, na rafiki yangu akasema kwamba hata tusipoona mechi nyingine, mandhari hii imetosha. Nilifurahi sana kusikia maneno yale.

Tabora sitaieleza kwa kirefu. Miembe ya barabarani ni ileile inayosifiwa na kila mgeni, mechi ilikuwa nzuri, mashabiki ni waungwana. Jambo la kuandika ni kwamba pale rafiki yangu alilipia chumba chake, akasahau kuku wa Singida, nami nikalipia mafuta kwa mara ya tatu mfululizo. Tena anayetoka Tabora kwenda Mwanza anarudia njia ileile hadi Nzega, kilomita zipatazo 115, kisha anashika Tinde na Shinyanga. Hesabu hiyo ya kurudia njia tulikuwa tumeisahau kabisa, na tanki lilitukumbusha.

Shinyanga ndipo mambo yalipoharibika. Alhamisi jioni, tukijaza mafuta, shabiki mmoja aliyeona jezi zetu alituuliza tunakwenda wapi, na tulipomjibu akatupa pole: mechi ya Mwanza ilikuwa imesogezwa hadi Jumatatu. Mfuatiliaji wa ligi yetu hapaswi kushangazwa na jambo hilo. Timu zinazocheza mashindano ya Afrika husafiri na kurudi, mechi zao za ndani zinakuwa viporo, yaani zinaahirishwa zikingoja siku nyingine, na kiporo kimoja kikipangiwa siku kinaweza kusukuma mechi nyingine mbili. Wakati mwingine uwanja unafungiwa na mwenyeji anahamia mkoa mwingine kabisa. Sisi hatukuwa tumetazama ratiba tangu tulipoondoka Singida. Siku tano nzima.

Nilisema tungoje. Yeye alisema Jumatatu anatakiwa ofisini. Hapo, katika ua wa nyumba ya wageni, chini ya taa moja iliyozungukwa na wadudu, alitoa simu yake na kunionyesha hesabu aliyokuwa akiiandika tangu Dodoma: saa alizoendesha, maji aliyonunua, chumba, tiketi yangu ya Liti ambayo ni kweli alinilipia. Kwa hesabu yake mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa. Nami, badala ya kushangaa, nilikwenda garini nikaleta daftari langu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikiandika: mafuta, kuku, tairi zinazolika, faini ya Ikungi. Watu wawili waliokuwa wakicheka pamoja siku tano walikuwa wakihesabiana kimyakimya siku zote hizo. Sikumbuki maneno yote tuliyoambiana, na mengine nayakumbuka lakini sitayaandika. Alfajiri alipanda basi la kurudi Dodoma. Nilimsindikiza hadi stendi, nikambebea begi, na hatukuagana vizuri.

Niliendelea peke yangu. Nasema hili kwa fahari, maana wapo walioniambia kwamba ilinipasa kugeuza gari. Nilikaa Mwanza hadi Jumatatu, nikalala chumba cha bei ya chini kabisa, nikala samaki mara moja kwa siku, na nikaingia Kirumba nikiwa miongoni mwa wa kwanza. Watu wa Mwanza waliisubiri timu yao ya Pamba irudi Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, hadi iliporejea mwaka 2024, na shangwe yao ina uzito wa watu waliokaa na njaa muda mrefu. Kisha nikaendesha karibu kilomita 700 kurudi nyumbani, nikilala Singida. Mechi zote tatu nilizoziapia Jamhuri niliziona.

Nilipofika Dodoma nilikuta habari imenitangulia. Pale jukwaani watu ambao hata majina yao siyajui vizuri waliniambia, "Tunasikia ulimtelekeza mwenzio Shinyanga." Wengine walisema mimi ni mchoyo ninayehesabu hadi maji ya kunywa. Maneno hayo bado yananiuma, na sitajifanya yamepita.

Sasa, kijana wangu wa Kondoa, swali lako. Mafuta ya safari yote, kilomita kama 1,600, yalinigharimu Sh360,000 kwa gari dogo, petroli ikiwa karibu Sh3,000 kwa lita. Bei hubadilika kila mwezi pale EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei mpya, kwa hiyo piga hesabu upya kabla ya kuondoka. Weka vyumba, chakula na tiketi, na uongeze siku mbili za ziada kwa ajili ya viporo. Hizo siku mbili usizifute hata kama ratiba inaonekana imetulia, na itazame ratiba kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kama mechi unazozitaka ni za Morogoro au Dar es Salaam, acheni gari nyumbani mpande treni ya SGR inayofika Dodoma tangu mwaka 2024, kila mtu na tiketi yake, na nusu ya maneno haya hayatawahusu.

Lakini fedha si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kukaa na mwenzako, kabla hamjachagua hata jezi, mkaambiana kila mmoja ana shilingi ngapi. Kiasi halisi, si kile ambacho ungependa uwe nacho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba madaftari mawili yaliyofichana ni mabaya kuliko kukosa daftari. Liwe moja, likae garini, kila mmoja aone mwenzake anapoandika. Kubalianeni kwamba faini analipa aliyeshika usukani, siku hiyohiyo, kabla karatasi haijafifia. Kubalianeni mechi ikisogezwa nani anarudi na nani anabaki, na kwamba anayerudi hatasemwa na anayebaki hatasemwa. Mkiona haya kuyazungumza hayo mkiwa nyumbani mmeshiba, mtayazungumza Shinyanga usiku mkiwa na njaa, na hapo hakuna atakayesikiliza. Semeni mapema. Vijana wengi wanadhani urafiki wa kweli hauhitaji kuulizana habari za fedha, wanaita kuulizana huko ubahili, na kwa fikra hiyo wanapoteza watu waliokaa nao jukwaa moja miaka mitano. Nami nilikuwa mmoja wao, mtu mzima mwenye duka, ninayewaandikia wateja risiti kila siku.

Ile faini niliilipa mimi. Rafiki yangu tulikutana Jamhuri mwezi uliopita. Sasa anakaa upande wa pili, karibu na lango. Tulishikana mikono, nikamuuliza hali ya mama yake, akaniambia anaendelea vizuri na kwamba huwa ananiulizia. Kisha timu zikaingia uwanjani, kila mtu akarudi mahali pake. Hakuniuliza habari za Kirumba, nami sijamsimulia.