Gia Zikikataa Kuingia, Usikimbilie Kupasua Injini

Mtu akinijia na pikipiki akasema gia haziingii, humuuliza swali moja kabla sijashika spana: haziingii injini ikiwa inawaka tu, au hata ikiwa imezimwa? Wengi hawana jibu kwa sababu hawajawahi kujaribu. Basi tunaipandisha kwenye stendi kubwa na kuzima injini, mmoja anazungusha tairi la nyuma kwa mkono, taratibu, mwengine anabonyeza pedali ya gia. Tairi lazima lizunguke. Likiwa limesimama tuli, meno ya gia yanaweza kukutana uso kwa uso yakagoma kuingiana hata kama ni mazima kabisa.

Zikiingia zote, kutoka namba moja mpaka ya mwisho na kurudi, mshukuru Mungu. Gia zako hazina neno, tatizo ni klachi haiachii, yaani ukiibana haiitengi injini na gia. Zikikataa hata hapo, ndipo tunahamia kwenye pedali na shafti yake, na ndani ya injini tunaingia mwisho kabisa.

Nalisisitiza hili kwa sababu tofauti ya gharama ni kubwa mno. Katika pikipiki nyingi za saizi ya 125 na 150 tunazopakilia abiria hapa Pemba, klachi unaifikia kwa kufungua kava la upande wa kulia, injini ikiwa palepale kwenye fremu. Gia zenyewe huzioni mpaka injini ishushwe na kupasuliwa katikati. Hapo utanunua gasketi na sili, utakaa siku kadhaa bila kazi, na spea pengine haipo Chake wala Wete, mpaka ije na boti kutoka Unguja au Dar. Nimeona vijana wakipasuliwa injini kwa tatizo la waya wa klachi, na inaniuma kila mara, maana pikipiki ile ndiyo inayolisha nyumba.

Klachi isiyoachia ina dalili zake. Umesimama, injini inawaka, unaitafuta nyutro huipati. Ukizima injini inaingia yenyewe. Au unaweka namba moja, pikipiki inapiga kishindo na kutaka kwenda ilhali mkono wa klachi umeubana mpaka mwisho. Ukiona hivyo, anza na waya. Vuta mkono wa klachi, uchungulie pale waya unapoingia: utaona kichwa kidogo cha risasi na nyuzi zinazotokea humo. Nyuzi mbili tatu zikiwa zimekatika na kujikunja nje, waya huo hauna safari ndefu, badilisha leo. Nyuzi zikiwa nzima lakini zina rangi ya kutu, na kwetu chumvi ya bahari haimsamehi mtu, chomoa ncha ya juu, uusimamishe waya na kudondoshea oili nyepesi mpaka itokee chini. Kisha pima ncha ya mkono wa klachi: inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ikicheza zaidi ya hapo, klachi haifunguki yote. Marekebisho yapo kwenye mkono na mengine chini kwenye injini. Ya juu yakifika mwisho, hamia ya chini.

Waya ukiwa mzuri na tatizo bado lipo, fungua kava uangalie pleti, zile sahani nyembamba za klachi zinazobanana na kuachana. Za chuma zikishaungua hubadilika rangi zikawa za samawati na kupinda. Ziweke juu ya kioo utaona zinavyoyumba. Angalia na bakuli linalozibeba: kwenye kuta zake pleti huchimba vijishimo, kisha hunasa humo na kukataa kuachana.

Klachi inayoteleza ni kinyume chake, na watu wengi huiita ugonjwa wa gia. Msimu wa karafuu ndio unaoifichua. Umepakia magunia, unapanda mlima njia ya Mkoani, injini inapiga kelele na pikipiki haiongezi mwendo. Kwenye tambarare huijui. Ijaribu hivi: ukiwa gia ya juu na mwendo mdogo, fungua moto ghafla. Mlio ukipanda peke yake bila mwendo kufuata, klachi inateleza. Sababu nyepesi ni waya uliokazwa mno, hauchezi hata kidogo, kwa hiyo klachi haibani sawasawa. Sababu ya pili ni oili. Klachi hizi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo pleti haziitaki. Tazama kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, ndiyo oili ya klachi za namna hii. Yenye alama ya MB iache, hiyo imetengenezwa kwa skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Ukishahakikisha hayo mawili na bado inateleza, pleti zimekwisha au springi zimechoka.

Sasa pedali. Pikipiki iliyoanguka upande wa kushoto, hata ikiwa imesimama, itazame kwa jicho kali. Pedali ikipinda kidogo inasugua kava la injini, na unapopandisha gia inakwama njiani. Aliwahi kuja kijana wa Konde, ameshaambiwa gia zote zimekufa. Kwenye kava nikaona mkwaruzo mpya unaong'aa, pedali imepita pale kila siku. Tuliichomoa, tukainyoosha, akaondoka.

Halafu shika pedali kwa mkono, ichezeshe juu na chini huku macho yako kwenye ncha ya shafti. Pedali ikienda na shafti isiende, meno ya pedali yamelika. Nunua pedali nyengine, haina bei kubwa. Usikubali kuchomelea! Moto wa kuchomelea unaiunguza sili iliyo nyuma yake, oili inaanza kuvuja, na siku ukitaka kufungua kava la upande ule pedali haitoki tena. Na pedali ukiibonyeza ikabaki chini bila kurudi, ni springi ya shafti. Katika injini nyingi za aina hii ipo nyuma ya klachi, unaifikia bila kupasua.

Mguu nao una lake. Anayeendesha na ndara hubonyeza nusunusu kwa kuogopa kidole kuumia, gia inaingia nusu na kuchomoka. Na anayepumzisha mguu juu ya pedali safari nzima anausukuma uma wa gia, kile chuma cha ndani kinachosogeza gia, ukasuguana muda wote na gia inayozunguka. Vaa kiatu, bonyeza mpaka mwisho, kisha ondoa mguu.

Kinachostahili kweli kupasua injini ni gia inayochomoka yenyewe ukiwa unavuta mzigo, hasa namba mbili, na mguu wako hauna kosa. Hapo usipakie abiria. Kabla ya kupasua, mwaga oili ikiwa ya moto upitishe kidole kwenye nati ya kumwagia oili: tope laini la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma vinavyokwaruza si kawaida. Injini ikishafunguliwa, taka uonyeshwe uma wenyewe. Uliolika una alama ya kuungua kwenye ncha zake, na gia iliyolika meno yake ya kunasia yamekuwa mviringo pembeni badala ya kuwa na kona kali. Badilisha uma pamoja na gia zote mbili zinazonasana. Ukiweka mpya moja ikanasana na kuukuu, itachomoka tena kabla ya msimu ujao.